Liwa na Jua la Saa Mbili

Jumatatu, 7 Juni 1954

Nimesaga liwa tangu alfajiri. Vikombe vitatu vya bibi harusi wa Msasani, viwili vya akiba. Mkono wa kulia umekufa ganzi. Mti wa liwa wa safari hii mgumu, wa kutoka Ngazija, lakini ukishakubali kulegea juu ya jiwe kwa maji ya mawaridi, unatoa uji mzito kama wa mtoto. Ukiupaka usoni unashika. Haupasuki, jasho haliutoi. Wanawake wanasema jua likiigusa liwa ya Rukia wa Kinondoni linarudi lilikotoka. Wanasema wao. Haya, na mie nasema.

Salma kaletwa leo. Mdogo wangu wa pekee. Mwaka wa nne wa ndoa, na hii ndiyo mimba yake ya kwanza. Miezi minne tu. Desturi ni kuja kwao mwezi wa saba, lakini mumewe Seif kasema ngazi za nyumba yao Kariakoo hazipandi tena. Nimefurahi, sikuuliza mengi.

Ila anatembea kama bata. Toka kwenye teksi mpaka kibarazani kajishika ukuta mara mbili. Nimemwambia mimba ya miezi minne haina uzito huo, asinidekee. Kacheka. Kisha kakaa chini polepole, akitanguliza mikono.

Bado mweupe. Uso ule ule niliomkabidhi nao mumewe. Alhamdulillahi.


Alhamisi, 10 Juni

Nyonga zinamuuma. Mbavu pia. Nimemkanda kwa mafuta ya nazi na tangawizi. Hakuna nafuu.

Wakati namkanda nimekumbuka alivyokuwa. Mama kafa Salma ana miaka sita. Mie nimeachika mwaka ule ule, nimerudi kwa baba na sanduku moja. Tukaleana. Alipofika kumi na mbili nikamweka ndani kama mie nilivyowekwa. Ila mie nilikuwa natoroka, nikacheze na wenzangu nyuma ya nyumba. Yeye sikumpa nafasi. Mlango nikaufunga, ufunguo kiunoni. Kila asubuhi liwa, kila jioni kuoshwa. Mama wa maharusi wakija kununua, namwita alete maji. Wakishamwona hawaulizi tena bei. Ngozi ya Salma ndiyo ilikuwa kibao changu cha biashara. Sioni aibu kuliandika. Ndiyo iliyotulisha baada ya baba kufariki.

Hata mkwewe, Bi Zawena, alipokuja kumtazama, alimwinua kidevu kuelekea dirishani, akasema mtoto huyu kaota ndani kama uyoga. Sifa ile niliibeba mwaka mzima.


Jumatano, 16 Juni

Seif kampeleka hospitali. Mie nilibaki na kazi ya bibi harusi. Laiti ningekwenda.

Wamerudi saa nane. Seif kasimama mlangoni anaongea na viatu vyake. Daktari kambonyeza mifupa, kapiga picha yake kwa mashine. Kasema mifupa ya Salma imelegea. Imekosa jua miaka mingi, na sasa mtoto tumboni anachukua hata kile kidogo kilichobaki. Hatari ni nyonga. Zikizidi kulegea zitabonyea kwa ndani kwa uzito, na siku ikifika mtoto hatakuwa na njia.

Dawa ni mbili. Mafuta ya ini la samaki, kijiko asubuhi na jioni. Na aote jua kila siku, saa mbili asubuhi, nusu saa.

Nilicheka. Jua ni dawa tangu lini? Maisha yangu yote nawauzia watu dawa ya jua. Lakini Seif hakucheka, na Salma alikuwa analia ndani ya buibui. Nimeacha kucheka. Naogopa. Mama alikufa kwenye uzazi.


Ijumaa, 18 Juni

Tumeanza leo. Neno la daktari nitalifuata bila kukosa siku.

Nimeamka mapema, nimesaga liwa mpya, nzito kuliko ya kawaida. Nimempaka uso, shingo, mikono mpaka viwikoni, miguu mpaka magotini. Imekauka vizuri. Juu yake buibui na mtandio. Kisha nimemtandikia mkeka uani, penye ukuta unaotazama mashariki karibu na jiko, jua linapopiga kwanza. Nusu saa kamili kwa saa ya ukutani. Jasho lilimtoka mpaka mkeka ukaloa. Kasema joto linampenya mpaka mifupani.

Basi, dawa inafanya kazi. Na rangi yake iko pale pale. Nimejiona mjanja. Daktari kapata jua lake, na Bi Zawena atarudishiwa mkwe mweupe vile vile.


Ijumaa, 25 Juni

Siku ya nane ya jua. Hakuna tuliyoruka.

Jirani yetu wa upande wa mnazi, Eliaika, ni nesi. Mchaga wa Moshi, mumewe mwalimu. Mtu mzuri, ila ana mambo. Saa saba mchana anatoka kichwa wazi, mikono wazi, hana hata mwamvuli. Siku alipohamia nilimpelekea kikombe cha liwa, kheri ya ujirani. Kashukuru sana, kisha kaniambia ngozi yake ilishaamua zamani iwe ya rangi gani. Nilikasirika siku mbili.

Leo kaniuliza juu ya ukuta wa makuti kama mgonjwa anaota jua. Nimemwambia kila siku, nusu saa. Kasema vizuri sana, dada, hiyo ndiyo dawa yake kubwa. Nimerudi ndani nimevimba kichwa.


Jumanne, 13 Julai

Mafuta ya samaki yamemshinda. Anatapika kila kijiko, na chakula kinafuata. Kakonda. Nimempa kwa asali, kwa ndimu, kwa uji. Vyote nje. Nimemwachisha. Jua linatosha, nesi mwenyewe kasema ndiyo dawa kubwa.

Mtoto kacheza leo. Salma kaniwekea mkono wangu tumboni. Kitu kama samaki kwenye ndoo. Nimeona haya machozi yalivyonitoka, nikasingizia moshi wa jiko.


Jumatano, 11 Agosti

Jana Idi Kubwa. Bi Zawena kaja na halua na kipande cha paja la mbuzi. Nilimwamkia, kaitika, kaenda moja kwa moja kwa Salma. Alimtazama muda mrefu. Uso, mikono, vidole. Kabla hajaondoka kanishika bega kaniambia mtunze mtoto huyu, Bi Rukia.

Nimeelewa. Kaona weusi kwenye vifundo vya vidole. Na mie nilikuwa nimeuona. Leo nimeongeza liwa vidoleni.


Jumatano, 18 Agosti

Hospitali tena. Safari hii nimekwenda, nikakaa nje na wanawake wengine kwa sababu ya wingi wa watu. Seif kaingia naye.

Hajapata nafuu hata kidogo. Kazidi. Mguu wa kushoto haunyanyuki, anauvuta. Daktari kauliza kama kweli anaota jua, Seif kaapa. Daktari kakuna kichwa. Kasema basi aongeze, iwe saa nzima.

Saa nzima. Jua la saa tatu si la saa mbili, hilo linaunguza. Nitampaka mara mbili. Ya kwanza ikikauka, ya pili juu yake.


Jumatatu, 6 Septemba

Hatembei bila kushikwa. Namwinua mie, namkalisha mie. Anaukalia mkeka ule saa nzima kama kinyago, hageuki, maana akigeuka nyonga zinamchoma. Wanawake wanaokuja kununua wanauliza kwa nini namwanika kama dagaa. Nawajibu pilipili ya shamba yawawashia nini.

Naswali sana. Sijui kosa liko wapi. Kila kitu nafanya.


Jumamosi, 18 Septemba

Sitaki kuandika. Naandika.

Eliaika yuko mapumziko leo. Saa tatu asubuhi kaja kuazima kinu, kapitia mlango wa uani kwa sababu wa mbele nilikuwa nimefunga. Kamkuta Salma mkekani. Mweupe kama chokaa, buibui mpaka kwenye nyayo, usoni macho tu ndiyo hayakupakwa. Eliaika kacheka. Ni kichekesho kweli, nadhani, kwa mtu anayekiona mara ya kwanza. Kisha kaacha kucheka.

Kachuchumaa. Kampitisha kidole shavuni, kakitazama kile kidole. Kaniuliza kama leo kuna sherehe. Nikamwambia hapana, ndivyo tunavyofanya kila siku, tangu Juni, hatujaruka hata moja.

Halafu kasema, "Dada Rukia. Sasa hilo jua linaingia wapi?"

Nilimwonyesha jua juu ya ukuta.

Kanieleza polepole, wala hakunikaripia, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Joto siyo dawa. Mtu anaweza kukaa jikoni akapata joto. Dawa ni jua lenyewe juu ya ngozi, ngozi tupu, na ngozi ndiyo inayoilisha mifupa. Ukilizuia lisiingie, umekaa kivulini. Miezi mitatu nimemkalisha kivulini katikati ya ua.

Nimemwosha mie mwenyewe. Maji yalitoka meupe kama ya mchele. Ndoo mbili. Salma kafumba macho wakati wote.


Jumatatu, 20 Septemba

Seif kaja. Nimemuuliza. Kainamisha kichwa, kakiri. Daktari alimwambia bila nguo, mikono na miguu na mgongo. Kaona haya kulitaja neno hilo mbele ya dada wa mkewe. Alidhani Salma atanieleza, na Salma alidhani mie najua zaidi.

Nilimfokea. Nilimwita majina. Kaenda zake na kofia mkononi.

Sasa niko peke yangu na sina sababu ya kujidanganya kwenye daftari langu. Hata angeniambia bila nguo, ningempaka. Najijua.


Jumatano, 22 Septemba

Nimeongeza makuti juu ya ukuta, hakuna atakayemwona. Anakaa na kanga moja ya kifuani. Siku ya kwanza kaona aibu mbele ya kuku. Ngozi ya mabega imekuwa nyekundu, inawasha. Nampaka mafuta ya nazi jua likishaondoka, siyo kabla.

Eliaika anapita kila siku kabla ya zamu.


Jumanne, 28 Septemba

Nimefanya kitu cha kipumbavu. Uso wake umeanza kuiva. Nilishindwa kuutazama. Asubuhi nikasaga kidogo, kidogo tu, nikampaka mashavuni. Nikajiambia uso si mkubwa, mwili mzima unapata jua, uso una nini.

Salma kashika pindo la kanga, kajifuta. Shavu moja, kisha la pili. Kanitazama.

Maisha yake yote hajapata kunikatalia jambo. Nimelificha jiwe la liwa mvunguni.


Jumatano, 6 Oktoba

Mvua. Vuli imewahi. Tangu Jumapili hakuna jua hata la kubahatisha. Mkeka umeviringishwa.

Watu wa Kibamba wanaopita na mihogo yao wanashukuru. Wanasema safari hii mahindi yatakubali. Mie ndiye mtu pekee mji huu anayemwomba Mungu asitishe mvua. Nimeona haya hata kwenye dua.


Alhamisi, 14 Oktoba

Siku ya kumi na mbili bila jua, ukitoa dakika chache za juzi. Nilimbeba mbiombio nikamtoa, kabla sijamweka sawa likajificha. Tangu nilipomwosha kapata siku kumi na nne za kweli. Kumi na nne tu. Za uwongo zilikuwa zaidi ya tisini, jua kali, mbingu nyeupe, na mie nimesimama pembeni na kibakuli.

Eliaika kaleta mafuta ya samaki ya aina nyingine. Salma anayameza kwa kuziba pua. Anayashika tumboni sasa. Anajitahidi kuliko mie.

Daktari kasema uchungu ukianza tu, hata wa wasiwasi, aletwe mbio. Atapasuliwa.


Jumatano, 27 Oktoba

Uchungu umeanza juzi, Jumatatu, saa nne asubuhi, wiki tatu kabla ya siku zake. Nilikuwa namchambulia mchele. Kaniita kwa sauti ya kawaida tu, Da Rukia, nimelowa.

Mvua ilikuwa inamwagika. Teksi hakuna. Eliaika kazini. Nilikimbia barabarani bila buibui, mie, nikasimamisha lori la mkaa. Dereva kamtandikia magunia. Barabara ya kwenda mjini ilikuwa matope matupu, tukakwama mara mbili, watu wakasukuma. Uchungu ulikuwa wa haraka, mtoto alitaka kutoka. Nilimwona Salma anasukuma bila kutaka kusukuma. Mtoto akashuka, akakwama penye mifupa.

Walipompasua hospitali walimtoa mzima. Mtoto wa kiume. Kalia mara moja. Kapumua muda wa kuchemsha birika la chai, kisha kaacha. Alikuwa amebanwa mno. Seif kawahi kumwadhinia sikioni. Kamwita Jabir.

Salma yu hai.

Jioni ile ile tumemwosha Jabir na kumsitiri. Bibi aliyemwosha kasema mtoto alikuwa mweupe, mashaallah, kama mamake. Alitaka kunifariji. Nilitamani kumzaba kofi. Nilitoka nje nikashika mti.


Jumatano, 3 Novemba

Siku ya kumi hospitali. Salma haongei. Anakula akilishwa, anageuka akigeuzwa.

Leo nilikuwa namchana nywele. Nilishindwa kujizuia, nikamwomba msamaha. Nilisema ovyo, maneno mengi, nikamlilia shingoni. Kaniacha mpaka nikamaliza. Kisha kasema akitazama dirisha:

"Nilikuwa nalisikia joto, Da Rukia. Nilidhani ndilo lenyewe."

Basi.


Ijumaa, 12 Novemba

Tumerudi nyumbani. Desturi inataka mzazi akae ndani arubaini, hata aliyefiwa. Salma kauliza saa. Nikamwambia saa mbili. Kajikokota mwenyewe kwa kushika ukuta, kavuta mkeka, katoka uani. Kavua kanga mabegani. Kakaa kanipa mgongo.

Kovu la tumboni bado bichi, nikamwambia asijikunje. Kakaa mpaka kivuli cha mnazi kilipomfika.


Jumamosi, 20 Novemba

Bi Zawena kaja. Kamkuta Salma uani, mikono imeiva, uso umeiva, rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nilikwenda mbele yake kabla hajasema, nikajitetea. Nikamwambia bibi yangu, nilijitahidi kumtunza weupe wake, najua ulimtaka mweupe, lakini daktari...

Kanikatiza. Kaniambia bila hasira, "Nani alikuambia nilitaka mweupe? Mie siku ile nilipomwinua kidevu nilimhurumia. Nilimchukua ili atoke humu."

Kisha kavua viatu, kakaa mkekani kando ya Salma. Bibi wa miaka sitini, juani, mtandio umeanguka begani.

Mie nilikwenda jikoni. Nilikaa kwenye kigoda mpaka mkaa ukazimika. Wahenga wamesema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nilikuwa nadhani wanamsema mwingine.


Alhamisi, 9 Desemba

Kasimama leo bila ukuta. Hatua saba toka mkekani mpaka kwenye mtungi. Kachota maji, kanywa, karudi. Eliaika kapiga makofi. Salma katabasamu, kwa Eliaika.

Mguu wa kushoto unanyanyuka. Maumivu ya mbavu yamekwisha. Kasema analala kwa ubavu sasa.

Wiki nne. Wiki nne za jua na kijiko cha mafuta. Ndicho kilichotakiwa, si zaidi. Jua la asubuhi, ambalo hata mbuzi wa jirani wanalipata bure. Mungu alilileta kila siku mpaka mlangoni kwangu, mie nikalizuia kwa mikono miwili na maji ya mawaridi.

Nalia nikiandika haya. Na liandikwe.


Jumatatu, 20 Desemba

Mama mmoja wa Magomeni kaja, binti yake anaolewa mwezi ujao. Anataka vikombe sita. Binti kamleta pia, kajifunika, mwembamba, anakaa chini akitanguliza mikono.

Nilimtazama mikono ile, nikaijua. Nimemwambia mama yule liwa sina. Nimemwambia ampeleke binti uani kila asubuhi, mikono wazi, miguu wazi, na akiona anaumwa nyonga asingoje. Kaniona nina wazimu. Kasema alisikia Bi Rukia amefiwa, hakujua kama imemfika kichwani. Kaondoka na binti yake. Kwenye kona nilimwona anamfunika vizuri zaidi.

Nitajuaje kama walisikia.


Jumatano, 12 Januari 1955

Daktari kamruhusu. Kasema mifupa imekaza. Nyonga hazitarudi zilivyokuwa, akipata mimba nyingine atapasuliwa tena, lakini atapata, na miguu itambeba. Seif kauliza mara mbili, ili asikie vizuri, na safari hii kanirudilia kila neno, hata la aibu.


Jumapili, 16 Januari

Salma kaondoka leo. Seif alitaka kuleta teksi mpaka mlangoni, yeye kasema atatembea mpaka barabara kubwa. Saa mbili asubuhi. Nilimpa mwamvuli. Kaupokea kwa adabu, kauegemeza ukutani.

Kaniaga. Kanishika mkono muda mrefu, bila kusema kama kanisamehe, na mie sikuuliza. Kaniambia mkeka kauacha, usije ukanyeshewa. Kisha kaenda. Nilisimama kibarazani nikamtazama. Mweusi, mnyoofu, hatua moja baada ya nyingine, hagusi ukuta wa mtu. Kwenye kona hakugeuka.

Nimelitoa jiwe mvunguni. Nimeliweka uani, nimelitilia maji, kuku wanywe.

Mkeka ulikuwa bado mahali pake, ukuta wa mashariki. Nimekaa. Sijui mara ya mwisho nilikaa juani lini, labda nilipokuwa natoroka, kabla ya kuolewa. Nilivua mtandio. Nilikunja mikono ya gauni mpaka mabegani. Ngozi yangu ya ndani ya mkono nyeupe sana, yenye mikunjo, ngozi ya mtu mzee.

Jua la saa mbili halina ukali wowote. Nilikaa mpaka kivuli cha mnazi kikanifika miguuni, kisha nikainuka kuchambua mchele.